Uzi kuhusu bushi na weya-ringi zinazojilainisha: tunachonunua ni pengo

Mwanzisha uzi (Industrial Area, Nairobi)

Ndugu mafundi na wahandisi,

Katika karakana nyingi za hapa Nairobi, bushi (pete inayoshikilia shafti) au weya-ringi (pete inayozuia maji kurudi nyuma) ya pampu inapokwisha, swali la kwanza huwa ni iwapo bronzi ya zamani inaweza kubadilishwa kwa ile plastiki nyeusi inayojilainisha, na swali la pili huwa ni bei. Naomba katika uzi huu tujadili swali linaloachwa nyuma, yaani ukubwa wa pengo kati ya sehemu inayozunguka na ile isiyozunguka. Hoja yangu ni kwamba anayenunua nyenzo hizi ananunua uwezo wa kuendesha pampu kwa pengo dogo bila kuharibu shafti, na asipolipata pengo hilo, fedha zake zimepotea hata kama nyenzo yenyewe ni bora.

Weya-ringi hukaa mdomoni mwa impela (gurudumu linalosukuma maji), mahali ambapo maji yaliyokwisha kupata presha hujaribu kurudi upande wa kufyonza. Maji yanayopenya hapo yamekwisha kugharimiwa umeme, kisha yanarudi kugharimiwa upya. Tuchukue ringi ya kipenyo cha milimita 150 yenye pengo la kipenyo (jumla ya pande mbili) la milimita 0.45, na tofauti ya presha inayolingana na kimo cha maji cha mita 40. Eneo la mwanya huo ni takriban milimita za mraba 106. Tukikadiria mgawo wa mtiririko (sehemu ya kasi ya nadharia inayobaki baada ya msuguano) kuwa 0.5, maji hupita hapo kwa kasi ya mita 14 hivi kwa sekunde, na kila saa mita za ujazo 5.3 hurudi nyuma. Ikiwa pampu hiyo inasukuma mita za ujazo 100 kwa saa hadi kimo cha mita 50, basi ringi moja tu inakula karibu kilowati 1 ya umeme muda wote pampu ikiwa kazini, na impela nyingi zina ringi ya mbele na ya nyuma. Pengo likichakaa hadi milimita 0.9, uvujaji unapita mita za ujazo 10 kwa saa. Likipunguzwa kuwa nusu, uvujaji unashuka chini ya mita za ujazo 2.7, kwa kuwa mwanya mwembamba huongeza pia msuguano wa maji yenyewe dhidi ya kuta zake. Kwa pampu inayofanya kazi usiku na mchana, kilowati 1 ni yuniti 8,760 kwa mwaka.

Mtu atauliza, na ni swali la haki, kwa nini basi tusikereze bronzi au stenlesi kwa pengo dogo tangu mwanzo. Sababu ni kwamba shafti hupinda kidogo, hasa pampu inapoanza au inapofanya kazi mbali na mtiririko ambao imesanifiwa kwao, na metali mbili zikigusana huweza kung'ang'aniana. Stenlesi ya daraja la 316 dhidi ya 316 nyingine ni mfano mbaya kuliko yote: nyuso hurarua vipande, vipande hujikunja ndani ya mwanya, na shafti hukwama. Ndiyo maana kiwango cha API 610, kinachotumika katika viwanda vya mafuta, kinaweka mapengo ya chini kabisa: milimita 0.25 kwa kipenyo kisichofika 50, milimita 0.45 kwa kipenyo cha kuanzia 150 hadi 174.99, na nyongeza ya 0.125 kwa metali zenye tabia ya kung'ang'aniana au kwa joto linalozidi nyuzi 260 za Selsiasi. Kiwango hicho pia kinataka nyuso mbili za metali zinazoweza kukomazwa zitofautiane kwa angalau Brineli 50 (Brineli ni kipimo cha ugumu), isipokuwa zote mbili ziwe na Brineli 400 au zaidi.

Nyenzo zisizo za metali hubadilisha hesabu hii. Mguso ukitokea, kinacholika ni tabaka jembamba la ringi yenyewe, na shafti haiumii. Kwa hiyo wasanifu wengi huthubutu kuweka takriban nusu ya pengo la metali. Kiambatisho cha API 610 kinataja nyenzo hizo pamoja na mipaka yake ya joto, na mipaka hiyo inafaa ijulikane na kila anayeandika oda: PEEK (plastiki inayostahimili joto) yenye vipande vya nyuzi za kaboni inafika nyuzi joto 135, PEEK iliyozungushiwa nyuzi ndefu za kaboni inafika 230, PFA (plastiki ya jamii ya Tefloni) yenye asilimia 20 ya nyuzi za kaboni inafika 230 vilevile, kaboni-grafiti iliyolowekwa resini inafika 285, na ile iliyolowekwa nikeli au shaba inafika 400. Mtu akikwambia anayo "PEEK" bila kusema ni ipi, hajakwambia lolote kuhusu joto.

Faida nyingine huonekana kwenye mtetemo. Mhandisi Mrusi A. A. Lomakin alieleza jinsi maji yanayopita kwa presha kwenye mwanya wa ringi yanavyosukuma rota (shafti na impela zake) irudi katikati, na msukumo huo huwa na nguvu zaidi pengo linapokuwa dogo. Katika pampu ya hatua nyingi (yenye impela kadhaa mfululizo) na shafti ndefu, ringi hizo hufanya kazi ya beringi za ziada. Zikichakaa, shafti hulegea na mtetemo hupanda, na hapo wengi hukimbilia kusawazisha rota ilhali kinachodaiwa ni pengo.

Sasa tuseme wazi kujilainisha ni nini. Si mali moja. Kuna nyenzo zenye PTFE (Tefloni) au grafiti iliyochanganywa ndani, ambayo hupakaza filamu nyembamba kwenye shafti. Kuna bronzi ya unga ulioshindiliwa, yenye vitundu vilivyojazwa mafuta, nayo hufaa kwenye feni na mota ndogo, lakini ukiizamisha kwenye maji mafuta huoshwa. Kuna hata mti: lignum vitae wa visiwa vya Karibi, wenye utomvu unaoteleza, ulitumiwa kwenye beringi za rafadha za meli tangu John Penn wa Uingereza alipoanzisha matumizi hayo katika miaka ya 1850. Grafiti nayo ina sharti ambalo wengi hawalijui, kwamba huteleza vizuri penye unyevu, na katika ombwe au gesi kavu kabisa husagika haraka.

Hata hivyo, kujilainisha si ruhusa ya kuendesha pampu kavu. Tuchukue shafti ya milimita 50 inayozunguka mara 1,450 kwa dakika, ikiegemea bushi kwa nguvu ya nyutoni 200. Uso wake unakwenda mita 3.8 kwa sekunde. Kukiwa na filamu nzuri ya maji, mgawo wa msuguano unaweza kuwa karibu 0.01 na joto linalozaliwa ni wati 8 hivi, nayo maji huliondoa. Pakikauka, mgawo ukawa 0.15, joto ni wati 114 ndani ya bushi ambayo, ikiwa ni plastiki isiyo na nyuzi za kaboni, hupitisha joto vibaya kuliko bronzi kwa zaidi ya mara mia moja. Ukiongeza mizunguko hadi 2,900, joto huongezeka maradufu. Nyenzo nzuri inakupa muda wa kuizima pampu. Hakuna inayokupa ruhusa ya kuiacha.

Jambo hili lina uzito wa pekee hapa kwetu. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa ni karibu kilopaskali 82 au 83, badala ya 101 za Mombasa. Maana yake ni kwamba pampu inayofyonza maji kutoka tangi la chini imepoteza karibu mita 1.9 za uwezo wa kufyonza kabla hujaiwasha, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Pampu iliyochaguliwa kwa jedwali la usawa wa bahari inaweza kuzalisha mvuke mdomoni mwa impela, palepale kwenye ringi. Ongeza mgao wa maji, ambapo tangi hukauka bila mtu kuangalia, na utaelewa kwa nini nasisitiza kila bushi inayojilainisha ifuatane na swichi ya kiwango cha maji.

Naomba maoni na maswali.

Mkerezaji (Kariobangi Light Industries)

Shukrani, mhandisi, kwa maelezo. Mimi bado ninaitetea bronzi. Ninaikereza kwa urahisi, ninaipata mjini siku hiyo hiyo, na mteja akirudi baada ya muda ninajua nitakuta nini. Plastiki nimeletewa mara nyingi, na malalamiko ni yale yale: bushi ilikerezwa kwa vipimo vile vile vya bronzi, ikaingia vizuri, shafti ikazunguka kwa mkono, kisha baada ya siku kadhaa majini pampu ikakataa kuwaka na mota ikaungua. Je, hapo kosa ni la nyenzo au ni la kipimo?

Mwanzisha uzi

Ndugu mkerezaji, ni la vyote viwili, na nakushukuru kwa kulileta kwa namna hiyo. Ninashuku kwamba mara nyingi ulichopewa kilikuwa nailoni. Nailoni ya PA6 ikishiba maji hunywa zaidi ya asilimia 8 ya uzito wake na kuvimba kwa asilimia 2 au zaidi kila upande. Bushi yenye unene wa milimita 10 huongezeka milimita 0.2 kwa kila upande, na kwa kuwa nje imebanwa na nyumba ya chuma inayoishikilia, uvimbe wote huja ndani. Hapo tundu limepungua kwa angalau milimita 0.4, ilhali wewe uliacha 0.15 au 0.2. Mota haikuwa na njia. Asetali (plastiki nyingine ngumu) hunywa chini ya asilimia 1, PEEK karibu nusu ya asilimia, na PTFE haiyanywi hata kidogo kwa kiwango cha kupimika karakanani. Vesconite, plastiki ya beringi ya Afrika Kusini, ilipata soko kwenye pampu na migodi kwa sababu hiyo hiyo, kwamba haivimbi majini kama nailoni.

Baada ya uvimbe linakuja joto. Plastiki nyingi zisizo na nyuzi za kaboni hutanuka takriban sehemu 100 katika milioni kwa kila nyuzi joto moja, na chuma hutanuka sehemu 12 tu. Bushi ile ile ya unene wa milimita 10, ikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 70, hupunguza tundu kwa milimita 0.10 au zaidi. Kisha kuna jambo la tatu ambalo wewe unalishika kwa mkono wako mwenyewe: ukiibana ndani ya nyumba yake bushi inayoizidi kwa milimita 0.1, karibu yote hiyo hutokea kama upungufu wa tundu. Kwa hiyo pengo la kukereza ni jumla ya pengo la kazi, upungufu wa kubana, upanukaji wa joto na uvimbe wa maji. Anayekereza plastiki kwa jedwali la bronzi ameacha sehemu tatu kati ya nne za hesabu.

Kuhusu bronzi, sikatai hata kidogo. Hupitisha joto vizuri, na ile ya daraja la SAE 660 ina madini ya risasi ya takriban asilimia 7 ambayo yenyewe ni kilainishi cha aina fulani. Penye grisi au mafuta safi na pasipo haja ya pengo dogo, ningeibakisha.

Ombi moja la usalama unapokereza nyenzo mpya. Vumbi la kaboni na grafiti livutwe kwa mashine na uvae barakoa, na mabaki ya PTFE yasichomwe wala yasikaribie sigara, kwa maana moshi wake ni sumu kwenye mapafu. PEEK yenye nyuzi za kaboni itakula ncha ya chuma cha kawaida upesi, kwa hivyo tumia ncha ya kabaidi, ambayo ni ngumu zaidi.

Fundi wa pampu (Athi River)

Mhandisi, nina pampu za wima zenye shafti ndefu zinazovuta maji ya mto yenye mchanga na tope, hasa majira ya mvua. Bushi za bronzi hazidumu na shafti inachimbwa mitaro. Nishauri.

Mwanzisha uzi

Fundi, hapo adui ni chembe, na kigezo kinabadilika kabisa. Bushi laini kiasi hukamata punje za mchanga na kuzishikilia, kisha punje hizo hukereza shafti inayopita juu yake. Ndiyo ile mitaro unayoiona. Kwa maji ya mchanga ningetazama kwanza mpira wa nitraili wenye mifereji ya urefu, kwa sababu mpira hubonyea punje inapopita na mfereji huisafirisha nje. Aina za poliyuretheni kama Thordon ya Kanada zimebuniwa kwa wazo linalofanana na hilo. Pamoja na bushi, badilisha pia uso wa shafti: ivalishe slivu (ala ya chuma) iliyokomazwa au iliyopakwa kromu ngumu au kabaidi, kwa kuwa bushi nzuri juu ya shafti laini ni nusu ya kazi.

Udhaifu wa mpira ni ukavu. Ukizunguka bila maji huungua kwa muda mfupi sana, na katika pampu ya wima bushi zilizo juu ya usawa wa maji huwa kavu kila unapowasha. Njia ni kuwa na tangi dogo la juu linalomimina maji safi kwenye bomba la shafti kabla ya kuwasha, na kuendelea hadi maji ya pampu yenyewe yafike juu. Ikiwa hilo haliwezekani, weka mpira kwenye bushi zilizozama na nyenzo yenye PTFE au grafiti kwenye zile za juu. Kuchanganya nyenzo mbili katika shafti moja hakuna ubaya wowote, mradi stoo ijue ipi ni ya wapi.

Afisa ununuzi, kiwanda cha vinywaji

Asante kwa mjadala huu. Mimi si fundi, lakini ninaletewa bei tatu zenye maneno yale yale, "self-lubricating, high quality", na ninatakiwa kuchagua. Pampu zetu ni za maji ya kunywa na nyingine za maji ya boila. Niwaulize nini wauzaji?

Mwanzisha uzi

Dada, umeuliza swali lenye manufaa zaidi ya yote. Kwa maji ya kunywa, anza na risasi. Bronzi yenye risasi ya asilimia 7 haifai kukaa kwenye maji yanayokwenda mdomoni. Marekani tangu 2014 imeweka kikomo cha wastani wa asilimia 0.25 kwenye nyuso zinazoguswa na maji hayo. Dai cheti cha NSF/ANSI/CAN 61 (kiwango cha usalama wa vifaa vya maji ya kunywa) chenye jina la nyenzo yenyewe na si la kampuni tu. Kisha muulize muuzaji aandike kwa namba: inanywa maji asilimia ngapi ikishiba, inatanuka kiasi gani kwa nyuzi joto moja, joto la juu la kazi ni lipi, na anapendekeza pengo gani kwa kipenyo chako. Asiyeweza kujibu hilo la mwisho anauza vipande vya plastiki, na bei yake, iwe ya chini namna gani, haiwezi kulinganishwa na ya mwenzake.

Pampu ya boila ni habari nyingine. Maji yakiwa nyuzi 110 au 120, PEEK yenye vipande vya nyuzi iko karibu na kikomo chake cha 135, na mimi ningeacha nafasi zaidi. Kaboni-grafiti inafaa, lakini tatizo lake ni kinyume cha la plastiki. Yenyewe hutanuka sehemu 4 au 5 tu katika milioni, ilhali nyumba ya chuma hutanuka 12. Kwa mfano, kwa tundu la milimita 80 na ongezeko la nyuzi 150, yaani kwenye maji ya moto kuliko yako, nyumba huikimbia kaboni kwa karibu milimita 0.09, na bushi iliyobanwa kwa 0.08 huanza kuzunguka pamoja na shafti. Kwa hiyo hubanwa zaidi, au hufungwa kwa pini. Isitoshe, kaboni ni nzuri ikikandamizwa na dhaifu ikivutwa au kugongwa. Mwambie fundi wako apashe nyumba joto na kuisukuma bushi kwa presi, wala asiguse nyundo.

Mkerezaji (Kariobangi Light Industries)

Nimeelewa hesabu. Swali langu la mwisho: ringi ya plastiki niiweke kwenye impela au kwenye nyumba? Na nipime wakati gani?

Mwanzisha uzi

Iweke kwenye nyumba, upande usiozunguka. Pale imebanwa pande zote na chuma, na nyenzo hizi hupenda kubanwa. Ukiivisha impela, joto na mzunguko vitaifanya itanuke nje, ilegee kwenye kitako chake na kuufunga mwanya kwa wakati mmoja. Kwenye impela weka ringi ya chuma chenye kromu ya asilimia 12 iliyokomazwa, uso ukiwa laini, kwa sababu mikwaruzo ya kerezo juu yake hufanya kazi ya tupa.

Kuhusu kupima, kipimo cha bushi ikiwa mezani hakina maana. Ibane kwanza ndani ya nyumba, iache itulie hadi kesho yake, halafu pima tundu kwa mikromita ya ndani karibu na kila mwisho na katikati, kila mahali kwa pande mbili zinazokatana. Kama una nafasi kwenye kerezo, acha nusu milimita ya nyama kabla ya kubana na umalizie tundu bushi ikiwa tayari imo ndani. Andika kipimo hicho pamoja na joto la karakana siku hiyo kwenye kadi ya pampu, ili pampu itakapofunguliwa tena tujue imekula kiasi gani.